Manyovu, mahali ambapo sabuni ilibadili njia

Mwezi uliopita nilirudisha vitu viwili kwenye rafu. Nilikuwa katika supamaketi moja hapa Kigoma mjini, nimeshika karatasi ya mahitaji ya nyumbani, na nilipofika kwa binti wa kaunta na kusikia jumla nikaona hesabu haiendi. Nikatoa maziwa ya unga, nikatoa na ile sabuni ya unga ya pakiti kubwa. Nyuma yangu watu wanne wamesimama na vikapu, wananitazama. Aibu ya namna hiyo mnaijua ninyi mnaotunza nyumba.

Sisi wa Kigoma tuko mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilometa 1,250 hivi, na kila kitu cha pakiti kilichopandishwa lori au behewa kimelipiwa njia yote hiyo kabla hakijafika mkononi mwako. Sukari nayo inatoka mbali: Kilombero, Mtibwa, Moshi au Kagera. Kwa hiyo simlaumu sana mwenye duka. Lakini kuelewa sababu ya bei hakujazi kikapu.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, twende Manyovu."

Mama yangu ni mzaliwa wa Mnanila, hatua chache tu kutoka mpakani. Kwake Manyovu ni nyumbani, na pia ni mahali pa kwanza anapopafikiria vitu vikipanda bei. Jumamosi asubuhi tukapanda haisi, nauli shilingi 4,000 kila mtu. Ukishatoka Mwandiga lami inaanza kupanda, ziwa linabaki nyuma upande wa kushoto, na baada ya muda masikio yanaziba. Migomba, mihogo, kahawa, mikaratusi, halafu baridi. Abiria wazoefu wanajulikana kwa makoti. Mimi nilikuwa na kitenge cha kujifunika tu, nikajuta.

Njiani ndipo Mama alipoanza habari za sabuni.

Alikuwa akisimulia ya mwaka 1982. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha lakini nchi imechoka, na madukani hakuna kitu. Wenye umri wangu tulikuwa wachanga, ila wazazi wetu hawajasahau: foleni ya duka la kaya, unga wa yanga, sukari ya kugawiwa kwa kikombe. Sabuni ilikuwa shida kuliko vyote. Watu walifulia majani ya mpapai. Ng'ambo ya pili, Burundi, sabuni ilikuwepo. Vitenge navyo vilikuwepo, kwa kuwa Bujumbura walikuwa na kiwanda chao cha nguo, COTEBU. Basi wanawake wa Mnanila walikuwa wakijitwika chumvi ya Uvinza, wanashuka bondeni kabla ya jua kuchomoza, wanarudi jioni na sabuni.

"Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni," Mama akaniambia. "Mche wa sabuni nimeufunga kwenye mbeleko, kati yako na mgongo wangu. Ulikuwa unalia njia nzima, inakuumiza."

Abiria wa mbele akageuka kunitazama.

Mwaka uliofuata, 1983, ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na sheria maalumu ikapitishwa. Makusudio yalikuwa wale walioficha mali maghalani. Lakini kijijini mpakani, mwenye miche miwili ya sabuni hakuwa na uhakika kama yeye ni mhujumu au ni mama wa watoto wanaojikuna. Wengine walifukia sabuni shambani. Mama anasema walipoifukua baada ya mvua ilikuwa imebaki uji. Kisha kuanzia 1984 biashara ikaanza kulegezwa, ikaja enzi ya ruhusa ya Mzee Mwinyi, na sabuni ikarudi madukani, ghali, lakini ipo.

Tukashuka Manyovu saa nne kasoro. Wageni wengi wanafikiri Manyovu ni mji wa Kasulu au Kibondo. Kiutawala ni Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Watu wa Kasulu nao wanateremkia hapa kwa barabara yao ya kilometa 68. Mbele yako ni Mugina, na zaidi ya hapo Mabanda, nchi ya Burundi. Milima ni ileile, migomba ni ileile. Hadi Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Mstari wa forodha uliletwa baadaye, Mbelgiji alipochukua huku na Mwingereza huku. Kiha na Kirundi vinaelewana kiasi kwamba mtu anaweza kupatana bei, kuchumbia na kugombana bila mkalimani.

Nilidhani tutavuka. Mama akaniuliza tunavuka kufuata nini. Akanionyesha sokoni: wanawake wa kutoka ng'ambo wamekwisha kuvuka wao, wamekaa chini na vikapu vyao, viazi mviringo, maharage, vitunguu, parachichi kubwa kama ngumi mbili. Na wote wanataka kitu kimoja, shilingi.

Hapo ndipo pana siri ya bei za Manyovu kwa sasa. Burundi imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni kwa miaka kadhaa, na uhaba huo umezaa uhaba wa mafuta ya gari, na magari yasipotembea kila kitu kinapanda. Mei 2023 benki kuu yao iliishusha thamani faranga, kutoka karibu 2,090 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800. Hata hivyo bei ya mtaani imeendelea kuiacha mbali bei ya benki. Kwa hesabu ya benki shilingi yetu na faranga yao zinakaribia kulingana. Kwa wabadilisha fedha wa mitaani shilingi moja imekuwa ikipata faranga mbili na zaidi. Kwa hiyo mkulima wa Mabanda akiuza viazi kwake analipwa faranga ambazo hazifiki mbali. Akivibeba kichwani hadi Manyovu anapata shilingi, na kwa shilingi hiyo anaingia duka la Mtanzania hapohapo, ananunua sukari, chumvi, mafuta ya kula, sabuni.

Sabuni, msomaji. Imegeuza njia.

Tukafika kwa mama mmoja wa makamo, viazi vyake vizuri, vyekundu, havina jeraha. Mama yangu akamwamkia, "Mwaramutse," wakaanza kuulizana. Kumbe anatoka Mabanda, anawafahamu watoto wa mama mkubwa, dada yake Mama aliyeolewa huko. Habari zikawa ndefu. Mimi sikuwa na subira, nilikuwa bado na ile aibu ya supamaketi kichwani, na nilikuja kuokoa pesa. Nikauliza bei ya sado.

"Elfu nne, dada."

Kigoma mjini sado ya viazi kama vile nimekuwa nikinunua 6,000. Elfu nne ilikuwa tayari ni nafuu. Lakini mnajua ilivyo: ukishaonja nafuu unataka nafuu zaidi. Nikasema elfu tatu. Akatikisa kichwa. Nikainuka kama ninayeondoka, mtindo wetu wote. Akaniita, tukapatana 3,500, nikachukua sado mbili. Elfu saba. Nikajisikia mjanja. Mama hakusema kitu, ila alinyamaza kwa namna ambayo watoto wake tunaijua.

Tukaendelea: maharage, vitunguu, parachichi kumi za watoto. Mawese niliyakataa, kwa kuwa mtu wa Kigoma akinunua mawese ugenini atachekwa mpaka kaburini. Baadaye nikaingia duka moja la jumla na rejareja kununua maji ya kunywa, nikamkuta yule mama wa viazi amesimama mbele ya kaunta. Amefungua fundo la kitenge, anahesabu noti zangu pamoja na nyingine chache. Alitaka kilo ya sukari, mche wa sabuni, na mafuta ya kula ya kupima. Muuzaji akamjumlishia. Akahesabu tena. Akarudisha sukari ikapimwa nusu. Bado. Akauliza kwa sauti ya chini kama mche unaweza kukatwa.

Muuzaji akachukua kisu, kwa kuwa ni jambo la kila siku, akakata mche katikati.

Nilisimama nyuma ya magunia ya unga. Sikujua niangalie wapi. Wiki tatu kabla ni mimi niliyekuwa kwenye kaunta hiyo, na wengine ndio waliosimama nyuma na vikapu. Mama akanipita, akaweka pesa mezani, akamwambia muuzaji, "Ule nusu uliobaki mpe huyu." Halafu akamwambia yule mwenzake kwa Kiha maneno mafupi. Yule mama akajibu, "Urakoze cane," akafunga vitu vyake, akaenda zake. Baadaye nikamuuliza Mama alimwambia nini.

"Nilimwambia mimi kwao nilikatiwa nusu. Chumvi yangu waliishusha bei hivihivi, na aliyeishusha alikuwa na mtoto mgongoni kama mimi."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi.

Mpaka huu umefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 kule Burundi, nchi jirani zilikutana Arusha zikaiwekea vikwazo vya biashara hadi Januari 1999. Mama anakumbuka mama mkubwa akituma watu usiku kuomba chumvi. Leo Burundi ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2007, na mambo yana utaratibu wake. Kwa anayefikiria kuvuka, nieleze kidogo. Usipite vichochoroni, pita kwenye geti la Uhamiaji ukiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kama una mzigo wa biashara wenye thamani isiyozidi dola 2,000, na bidhaa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha iliyokubaliwa, ulizia cheti rahisi cha uasili. Kinakuondolea ushuru wa forodha. Kitenge kilichotoka Uchina hakihesabiwi humo hata kama umekinunua Burundi, na wengi hunaswa hapo. Ulizia pia kabla ya kununua chakula kingi, maana serikali huweza kuzuia zao fulani lisitoke msimu fulani. Afisa anayeulizwa mapema huwa mpole kuliko anayefungua gunia lako mwenyewe.

Jioni nikakaa na daftari. Kwa viazi, maharage, vitunguu na parachichi nilikuwa nimeokoa shilingi 14,000 ukilinganisha na bei za hapa mjini. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa 16,000. Bado chai na maandazi ya njiani, bado ile nusu ya mche. Yaani nilisafiri siku nzima, nikapata baridi, nikamkandamiza mtu, na bado nikala hasara. Maziwa ya unga na sabuni ya pakiti, vile vitu viwili vilivyonirudisha nyuma pale kaunta, Manyovu havikuwa rahisi zaidi hata kwa shilingi mia. Navyo vimetoka Dar kama vya hapa, vikaongezewa na mlima.

Safari kama hii ina maana kama mkienda majirani watano mkachangia gari moja na kuchukua magunia, au kama una shughuli nyingine huko. Kwa kikapu kimoja cha mtu mmoja, nauli inakula kila kitu. Jirani yangu mmoja ameshakubali, wawili wanafikiria. Tunapanga mwisho wa mwezi huu, viazi na maharage tu, tugawane.

Nilipomwambia Mama mpango huo akauliza ni Jumamosi ipi, ili apeleke salamu Mabanda kwa watoto wa dada yake. Jana nimeona miche miwili ya sabuni ndani ya kikapu chake cha safari, mizima, imefungwa kwa gazeti. Sijamwuliza ni ya nani. Kuhusu bei ya viazi, nimekwisha kumwambia jirani yangu kwamba mama mmoja ana viazi vyekundu vizuri, sado elfu nne.