Dawa Haishiki Penye Deni

Wengi wanaokuja kwangu hapa Kigwena, Burundi, hufika na swali moja: nani kaniroga? Wanataka jina. Wengine wana pesa mkononi, wengine wanaahidi mbuzi, na karibu wote jina lenyewe wameshalichagua njiani, wananingoja tu mimi nilitie muhuri. Jina silitoi. Kazi hii niliirithi kwa babu mzaa mama, na sharti lake la kwanza lilikuwa hilo: mganga anayetaja mchawi anavunja ukoo, na damu ikimwagika, deni ni lake hata kama hakushika panga.

Swali langu mimi ni jingine. Umekosana na nani, na una kitu cha nani?

Homa haina mjadala; mwenye homa namtuma kwanza kituo cha afya akapimwe malaria. Kikohozi nakitibu kwa umuravumba, tumbo kwa umubirizi, na mimea yote miwili nimeipanda nyuma ya nyumba. Msitu wa Kigwena ni hifadhi, na kile kipande kilichobaki, kilichobanwa na mashamba ya michikichi, hakiwezi kumvumilia kila mwenye kisu. Dawa iliyoibwa inaanza tiba na kosa. Hata mvuvi akija kutaka dawa ya kumletea ndagala, namuuliza kwanza macho ya wavu wake yana ukubwa gani. Anayevua vifaranga vya samaki anawala watoto wake mwenyewe, na hiyo siwezi kuibariki.

Ugonjwa mgumu ni ule usio na homa. Mtu halali, nyumba inagombana, hospitali hawaoni kitu. Kwetu Rumonge, mara nyingi sana nikifuata mzizi wake nafika shambani.

Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia ukanda huu wa Ziwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi kilichofuata kiliua watu wengi mno nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania na Kongo. Mchikichi haukimbii, ulibaki unazaa. Mashamba mengine yaligawiwa na serikali, mengine watu walijichukulia, watoto wakazaliwa humo, wakaoa humo. Wakimbizi walipoanza kurudi kwa wingi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikuta wenye nyumba. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006. Mwanzoni ilisisitiza kugawana, baadaye ikaelekea kumrudishia yote aliyekimbia. Njia zote mbili ziliacha mtu na uchungu wake.

Alikuja kwangu mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Baba yake alipewa shamba la michikichi akiwa kijana. Mwenyewe hakumfukuza mtu. Alikuwa halali usiku, na alikuwa na hakika kwamba aliyemtupia uchawi ni yule aliyelikimbia shamba hilo na kurudi kutoka Tanzania. Nilipomuuliza ana kitu cha nani, akajibu kwa ukali kwamba karatasi zake zimekamilika.

Nikamwambia: "Mzee, karatasi ni za serikali, na serikali haikuja kwangu kulalamika usingizi. Waliozikwa mle shambani ni wazazi wa nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kuna makaburi upande wa juu, na kwamba yeye hupita mbali nayo, na magugu yameyafunika.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Kwa imani yetu marehemu hafi akaisha. Yumo katika hesabu ya ukoo, anatambikiwa, anaambiwa habari za nyumba. Aliyezuiwa kuwaona wanawe ana haki ya kuuliza, na anamuuliza yule anayekula juu yake. Kwamba mgonjwa hakuwa na nia mbaya haliondoi deni. Imana, Mungu wetu, anaona nia, lakini yule aliyerudi bado hana njia ya kwenda kwa baba yake.

Sikumpa dawa siku ile. Nilimwambia awatafute bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi. Wazee walikaa na pande zote mbili, wakagonga ardhi kwa fimbo zao kila mmoja akisema neno lake, kwa subira ambayo mahakama haina. Wakakubaliana njia ya makaburini ifyekwe, na safu za michikichi zilizo karibu nayo zirudi kwa yule aliyerudi. Aliyefyeka ni mgonjwa mwenyewe, kwa mikono yake. Hilo nililitaka mimi. Wakanywa pombe ya ndizi kwa mirija kutoka chungu kimoja, na shemeji mmoja aliye Mwislamu akaletewa fanta, akaketi katika duara lilelile. Ndipo nikamchemshia majani. Alilala.

Watu waliosoma wataniambia alilala kwa kuwa moyo ulitulia. Nakubali kabisa. Sijui ni lini sisi tulisema jambo tofauti.

Lakini anayewadai watu ukweli lazima naye adaiwe. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi, mashariki mwa nchi yetu, iliwahukumu watu waliowaua albino ili viungo vyao viuzwe Tanzania. Mmoja alipewa kifungo cha maisha. Soko lile lilikuwapo kwa sababu waganga waliwaahidi wavuvi na wachimba madini utajiri. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilifuta leseni za waganga wote, na wenzangu wengi walilia kwamba wameonewa. Mimi naona kazi yetu ilistahili kuulizwa. Hakuna mzimu wa ukoo wowote ninaoujua unaopokea mtoto wa mwenzio kama malipo. Anayesema upo anafanya biashara ya mauaji, na kibuyu alichoshika hakimfanyi mganga.

Basi ndugu unayesoma, ukifika kwa mganga akakutajia adui kabla hajakuuliza unadaiwa nini, chukua pesa zako uondoke. Na kama unakula mawese ya mtu aliyekimbia, usije kwangu kwanza. Nenda kamwite mwenyewe, wazee wawepo, na umfungulie njia ya makaburi kabla msimu wa mvua haujaanza.