Masomo ya Pasaka, Masisi hadi Walikale

Masisi, Pasaka huja na mvua. Moto wa mkesha tuliuwasha nje ya kanisa kwa kuni za mikaratusi, na kwa vile zilikuwa mbichi, moshi ulitufuata ndani ukachanganyika na ubani na harufu ya makoti yaliyolowa. Agano la Kale peke yake lina masomo saba usiku ule. Yapo yanayoweza kurukwa, isipokuwa lile la kuvuka Bahari ya Shamu. Babu yangu, katekista wa sukursali yetu, hakuruka hata moja. Sisi watoto tulilala juu ya vikwembe vya mama zetu tangu Abrahamu, tukashtuliwa na kengele za Utukufu.

Katika Oktava nilipewa kusoma Emau. Nikakimbia nayo. Babu akaniinamia: “Pole pole, baba. Bado hatujafika.” Kilomita kumi na kitu za wanafunzi wale wawili, kwetu tuliozoea kusukuma chikudu za viazi kupanda na kushuka vilima, hazikumtisha mtu.

Dominika ya nne ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ile ya Mchungaji Mwema. Wachungaji walishuka kutoka malishoni wakasimama karibu na mlango, buti za mpira zimejaa tope, wananuka maziwa na moshi. Injili ilipofika kwa yule mtu wa mshahara anayekimbia akiona mbwa mwitu, nikawaona wakitazama chini. Wengi wao walichunga ng’ombe wa watu. Nadhani hakuna aliyelisikia neno lile kwa uchungu kama wao.

Kabla ya Pentekoste mama alitupeleka kwao Walikale, kwa Wanyanga, enzi zile barabara ya Nyabiondo ikipitika. Tulibeba fromaje mbili za duara ambazo huko hakuna aliyezitaka; walisema zinanuka. Nyasi ziliisha, ndizi zikaisha, msitu ukafunga pande zote mbili, na joto likatuvua masweta. Kijijini kulinuka mawese yanayochemka na mihogo iliyoloweshwa mtoni.

Huko kondoo hawakuwa na maneno mengi. Watu walitaka samaki. Jioni moja, lituma ikiwa bado inatwangwa, nikaombwa nisome habari za Bahari ya Tiberia. Nilipofika kwenye samaki 153, mjomba, mvuvi wa mto Lowa, akanisimamisha. Nani alikaa akahesabu? Na samaki wengi hivyo, wakubwa, wataoza kabla ya jua kuchwa; yeye angeanza kwa kujenga chanja na kutafuta kuni za kukaushia.

Bibi, mwiko mkononi, hakugeuka hata kidogo.

“Moto Bwana alishauwasha. Wewe leta samaki.”