Hela ya Chupa

Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, na tarehe 20 Septemba ni Siku ya Usafi Duniani. Siku hizi mbili hufanana karibu kila nchi: fulana zenye ujumbe, glavu, mgeni rasmi aliyeshika ufagio kwa muda wa kutosha kupigwa picha, na hotuba ya kwamba kutunza dunia ni jukumu letu sote. Sina ugomvi na siku hizo, wala na wanaojitolea jua likiwaka. Ninachobisha ni ile "sisi sote". Jukumu la wote lisipogawanywa kwa sheria, huishia mgongoni kwa mwenye ufagio, huku aliyetengeneza taka akidhamini fulana.

Chukua hiyo Siku ya Usafi yenyewe. Chimbuko lake ni Estonia, ambako Mei 2008 watu wapatao 50,000 walizoa tani 10,000 hivi za taka zilizotupwa ovyo, na kazi ikaisha siku moja. Ni jambo la kusifiwa, na ndiyo maana mfano huo ulienea hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaupa tarehe rasmi mwaka 2023. Lakini Estonia ilikuwa na jambo la pili ambalo halikusafiri na fulana: tangu 2005 mnunuzi wa kinywaji huko huweka amana ya chupa au kopo, na hurudishiwa fedha yake akilirudisha. Tulichoiga sisi wa Afrika Mashariki ni siku. Sheria tuliiacha hukohuko.

Huku Ujerumani mambo ni hayohayo. Chupa ya plastiki ya maji au kopo la soda hubeba amana ya senti 25 za Euro juu ya bei ya kinywaji. Chupa ya kioo ya bia, inayooshwa na kujazwa tena, kwa kawaida senti 8. Ndani ya duka kubwa kuna mashine: unatumbukiza chupa tupu, inakupa risiti, unakatiwa kwenye manunuzi yako. Zaidi ya asilimia 95 ya vyombo hivyo hurudi. Mgeni akiona barabara haina chupa husema Wazungu wana ustaarabu, na hapo ndipo tunapokosea. Kanuni ya vifungashio ya mwaka 1991, iliyotungwa chini ya Waziri wa Mazingira Klaus Töpfer (ambaye baadaye aliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa palepale Gigiri, Nairobi), iliwapa wafanyabiashara onyo: sehemu ya vinywaji inayouzwa katika vyombo vya kurudishwa ikishuka chini ya asilimia 72, amana itakuwa lazima. Ikashuka. Wenye viwanda na maduka wakapinga hadi mahakamani, na amana ikaanza Januari 2003 katika vurugu tupu, baadhi ya maduka yakikataa chupa zisizo zao hadi 2006 kanuni zilipokazwa. Huo si ustaarabu wa kuzaliwa. Ni bei, na serikali iliyokataa kurudi nyuma.

Tena sisi tulitangulia kulijua hili bila semina yoyote. Soda ya chupa ya kioo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ilikuwa na utaratibu wake: njoo na chupa tupu, au acha hela ya chupa, au inywe hapohapo. Kreti tupu zilipakiwa kwenye gari lilelile lililoleta zilizojaa, zikarudi kiwandani kuoshwa. Mtoto aliyevunja chupa aliulizwa nyumbani, kwa sababu ilikuwa na thamani. Ilipokuja chupa ya plastiki, kiwanda kilipunguziwa gharama ya kuirudisha na kuiosha. Gharama hiyo haikufutika. Ilihamia kwenye mitaro, kwa halmashauri, kwenye Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam na kwa wakazi wanaofurikiwa mitaro inapoziba.

Atakayenipinga ataitaja Rwanda: je, umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, haukuisafisha nchi? Umesaidia sana, lakini Rwanda hiyohiyo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Tanzania ilifuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 ili watu wafanye usafi wakati kipindupindu kikisumbua, na usafi wa kila mwezi ukafuata. Hata hivyo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliendelea kuzagaa mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kenya ilitangulia Agosti 2017, kwa adhabu iliyomtisha kila muuzaji sokoni.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: kwa nini tumwongezee bei anayenunua maji kwa shida? Ni kweli kwamba atatoa fedha mbele, na kwa hiyo amana iwe ndogo na kila duka linalouza lilazimike kupokea. Lakini amana si kodi, hurudi. Asiyeirudisha chupa humwachia anayeokota. Huku Ujerumani wazee wenye pensheni ndogo hupekua mapipa kwa ajili ya hizo senti 25, jambo la aibu kwa nchi tajiri, sikatai. Kwetu mwokotaji tayari yupo, ila huuza kwa kilo na kwa bei anayopangiwa. Amana ingempa bei inayojulikana kwa kila chupa.

Wala Ujerumani si mtakatifu. Imekuwa ikisafirisha taka nyingi za plastiki kwenda nchi nyingine, Uturuki na Malaysia zikiwamo, hasa baada ya China kufunga mlango mwaka 2018. Uchafuzi wa plastiki unaovuka mipaka namna hiyo ulipaswa kushughulikiwa na mkataba wa dunia kuhusu plastiki, ambao mazungumzo yake yaliidhinishwa Nairobi Machi 2022. Agosti 2025, mjini Geneva, wajumbe walitawanyika bila makubaliano, kwa sehemu kubwa kwa sababu nchi zinazozalisha mafuta zilikataa kikomo cha uzalishaji.

Amana ya chupa haihitaji kusubiri Geneva. Bunge lolote la Afrika Mashariki linaweza kuipitisha. Basi ukialikwa kufagia ufukwe Septemba ijayo, nenda, na ukifika muulize mgeni rasmi muswada wake uko wapi.