Kosa la mwanafunzi wetu lilikuwa letu



Wiki mbili kabla ya harusi ya mteja wetu mmoja, gauni lake la nikahi liliharibika. Kwapa lilikatwa dogo, mkono haukuingia, na lesi yenyewe ilikuwa zawadi ya mama yake mdogo kutoka Oman. Aliyekata ni binti tunayemfundisha ushoni. Sisi mafundi watatu tulimsema mbele ya wateja. Kesho yake hakuja.

Tulikesha siku mbili, tukatia kipande cha hariri kwapani. Bi harusi alipendeza, alhamdulillah. Lakini kile kiti kitupu mbele ya cherehani kilitukaa moyoni.

Mteja wetu mwengine, mwalimu wa watoto wadogo, alipokuja kujaribu baibui tukamsimulia. Akatuuliza: "Nyinyi watatu mnamfundisha njia moja?"

Tukatazamana. Mmoja wetu huandika kipimo cha mwili, nafasi ya mshono akaiongeza wakati wa kukata. Mwengine huiongeza papo hapo daftarini. Wa tatu hukata kwa jicho. Binti alisoma daftari la wa kwanza, akakata kwa njia ya wa pili. Nafasi ya mshono haikuongezwa na yeyote.

Mwalimu yule alilelewa kikazi kwenye mradi wa madrasa za watoto wadogo, ule ulioanza Mombasa mwaka 1986 na kufika kwetu Zanzibar mwaka 1990. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, na hawakuachiwa darasa peke yao. Mwenye uzoefu hukaa pembeni akawaangalia watoto wanavyojifunza, kisha wakazungumza. Akatuambia pia kuwa huko Japani walimu hupanga somo pamoja, mmoja akasomesha, wenzake wakaangalia na kuandika, baadaye wakakaa kulirekebisha. Linalochambuliwa ni somo, si mwalimu.

Tukaanza Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka. Mmoja anafundisha, wengine wanaangalia. Siku ya kwanza ilikuwa chungu. Mkubwa wetu aliambiwa kuwa anapokata huinama mpaka mwanafunzi haoni mkasi unapopita. Alinuna hadi adhuhuri. Jumamosi iliyofuata alisimama upande wa pili wa meza.

Sasa tuna njia moja, imeandikwa ukutani: daftarini vipimo vya mwili tu, nafasi ya mshono huchorwa kwa chaki juu ya kitambaa. Tunasoma kila siku kwamba mambo ya Waislamu ni kushauriana, na sisi chumba kimoja miaka sita hatukuwahi kuulizana tunapimaje.

Tulikwenda kwa kina binti, tukakaa mkekani na mama yake, tukamwomba radhi mwanawe. Tulimsema hadharani, basi tukamwomba arudi tumsafishe hadharani. Alirudi.

Jumamosi iliyopita yeye ndiye aliyemfundisha mwanafunzi mpya kukata kwapa. Sisi tulikaa nyuma na madaftari yetu. Mkono wake ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia.

Nanyi mabibi harusi, mpeni fundi muda wa kukujaribisheni nguo mara mbili. Na mkimkuta mwanafunzi amekosea, kabla ya kumlaumu muulizeni nani alimfundisha.

Wabillahi tawfiq.