Nilikuwa Nasahihisha Simu

Nilipokwenda Baraka kwa mazoezi ya kufundisha, nilibeba wazo nililolipenda tangu darasani: jalada la kielektroniki. Badala ya kumpima mwanafunzi kwa mtihani mmoja, mwalimu hutazama kazi zake za muhula mzima: rasimu, masahihisho, sauti yake akisoma, na maelezo yake kuhusu alichojifunza. Niliona litawafaa wanafunzi wangu wa utungaji wa Kifaransa. Nyumbani wengi wanazungumza Kibembe, sokoni Kiswahili. Kifaransa wanakikuta darasani tu. Mtihani wa saa moja hauonyeshi wametoka wapi.

Tena Fizi ni nchi ya watu waliohama sana. Kuanzia 2005, wakimbizi wengi walirudi kwa meli kutoka Kigoma na kushukia Baraka. Anayekimbia huacha madaftari nyuma; kadi ya simu huingia mfukoni.

Mwisho wa muhula nikatoa alama. Jalada moja lilikuwa na picha safi na sauti isiyo na kelele. Nikalipa 17 juu ya 20. La msichana aliyeteremka kutoka Fizi kuja kusoma lilikuwa na picha tatu zenye ukungu, nikalipa 9. Alinifuata nje, akauliza kwa upole, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikalifungua tena ili nimwonyeshe. Rasimu ya kwanza ilikuwa sentensi nne zilizovunjika. Ya tatu ilikuwa ukurasa mzima kuhusu mama yake anavyoanika ndagala, vitenzi vikiwa mahali pake. Yule wa 17 aliandika vizuri siku ya kwanza, na vilevile siku ya mwisho. Msichana huyu alikuwa akiazima simu ya kaka yake na kulipia kuichaji. Nilikuwa nasahihisha simu.

Tukaanza upya. Niliandika vigezo ubaoni: kila mmoja achague kazi tatu, rasimu ya kwanza iwemo, aeleze alichobadilisha na kwa nini. Waliandika daftarini, nami nikapiga picha zote kwa simu moja. Maelezo niliruhusu yawe kwa Kiswahili, na hapo ndipo walipoyachambua makosa yao ya Kifaransa kwa ufasaha nisioutegemea.

Msichana alipata 15. Hakushangilia. Aliuliza tu, "Na kazi zetu, Mwalimu, utaondoka nazo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kabla ya kusafiri nilizinakili zote kwenye kadi, nikamkabidhi kiongozi wa darasa.