Waliobaki Nyumbani

Jumatatu, 29 Septemba 2025. Kisauni, Mombasa
Usajili wa wapiga kura umeanza tena leo, isipokuwa kule kunakongojwa uchaguzi mdogo. Tume ya uchaguzi ilikaa bila mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi Julai mwaka huu, na viti vya wabunge waliofariki au kuteuliwa mawaziri vikabaki wazi.

Nimemwambia mpwa wangu twende akajiandikishe. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa: “Shangazi, nikapige kura ya nini? Wakishapata, wanakula pamoja.”

Juni 2024 alikuwa Moi Avenue na wenzake kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 vijana wakapigwa risasi Nairobi, wengine wakafa. Kabla Julai haijaisha, vigogo wanne wa ODM, chama cha Raila Odinga na kikuu cha upinzani wakati huo, walikuwa wameteuliwa mawaziri wa Rais William Ruto.

Jumatano, 1 Oktoba
Nimezitazama tena hesabu za uchaguzi wa rais wa 2022. Walioandikishwa: 22,120,458. Ruto: 7,176,141. Raila: 6,942,930. Wasiofika kituoni: zaidi ya milioni 7.7. Waliobaki nyumbani walimzidi hata mshindi. Mwaka 2013 walijitokeza kama asilimia 86, 2017 kama 78, 2022 kama 65.

Watu hawa nawajua. Ni walewale waliokuwa wakipanga foleni tangu usiku wa manane, watoto mgongoni. Siwezi kukubali kwamba walilala kwa uvivu.

Jumapili, 5 Oktoba
Mtaani kwetu kuna nyumba mbili zilizotengana kwa siasa za 2017 mpaka zikaacha kuzikana. Bibi wa nyumba ya juu alipofariki, wa nyumba ya chini hawakuleta hata mkeka. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Raila, wapinzani wa 2017, wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, wakaitana ndugu. Hakuna kiongozi, wa kata wala wa kaunti, aliyepita hapa kuzipatanisha nyumba hizi mbili. Na mwaka huu, tarehe 7 Machi, Ruto na Raila nao wakatia saini makubaliano yao ya kushirikiana pale KICC, Nairobi.

Mimi sipingi suluhu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa zaidi ya watu 1,000, na mapatano ya Februari 2008 yaliokoa roho nyingi. Ninachokataa ni wakubwa kutuwashia moto wa ukabila siku za kampeni, kisha wakagawana vyeo bila kumuuliza aliyewachagua, na sisi tukabaki na uhasama tusioujua wa nini. Mtu akifanyiwa hivyo mara mbili, mara tatu, hachukii tu chama kingine. Anaichukia foleni yenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba
Raila alifariki jana, India. Mtaa mzima umenyamaza. Aligombea urais mara tano, na wapo hapa waliompigia kura mara zote tano, kila mara wakiambiwa ameshindwa. Leo nyumba ya chini na nyumba ya juu wamekaa baraza moja. Nimefurahi kuwaona, na nimeumia kwamba ilibidi afe mtu.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimekaa na mpwa wangu jioni. Sikumhubiria. Nilimwonyesha picha niliyoipiga Agosti 2022: Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, iliyobandikwa mlangoni mwa darasa, tarakimu zimeandikwa kwa kalamu, sahihi za mawakala chini. Fomu kama hizo zilitoka katika vituo 46,229, zikawekwa kwenye intaneti, na Mkenya yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Uwazi huo haukuletwa na hisani ya mtu. Raila alikwenda mahakamani, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais kwa sababu matokeo hayakupeperushwa kama sheria inavyotaka.

Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akauliza kama diwani naye huchaguliwa siku hiyohiyo. Nikamwambia ndiyo, karatasi ni sita, na ya diwani ndiyo inayogusa barabara yetu na zahanati yetu. Amesema atafikiria.

Ofisi ya tume ya eneo bunge letu iko wazi siku za kazi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mara ya mwisho Ruto alimpita Raila kwa kura 233,211, na waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya mara 30 ya idadi hiyo.