Nasaha za Walio Mbali

Vijana walioasisi kampuni changa Mombasa na Dar es Salaam hawaachi kutuletea salamu sisi tuishio ughaibuni, wakitutaka shauri, na kwa kuwa tumekaa karibu na wenye rasilmali nyingi, wao hudhani, nasi aghalabu twakubali, kwamba tuyasemayo yanafaa kila mahali.

Litazame shauri lililoenea mno, la kusajili kampuni katika jimbo la Delaware, Marekani. Lina sababu yake, kwani wawekezaji wa California wanazijua sheria za huko na kuziamini mahakama zake, na atakaye fedha zao hana budi kuwafuata. Lakini kijana auzaye huduma yake kwa shilingi, kwa wenye maduka wa Kongowea, Mombasa, wala hana mwekezaji hata mmoja wa ng'ambo, akilishika shauri hilo atajitwika mahesabu na ada za serikali mbili kabla biashara haijamlisha yeye mwenyewe.

Hapa London, ambako nimefanya makazi, kampuni ikifa deni lake aghalabu hufa nayo, na muasisi, maadamu hakuhini wala hakuweka dhamana yake mwenyewe, aweza kuanza nyingine bila kuinamisha uso. Ilhali nyumbani, mtaji uliochangwa na shangazi na wajomba haufutwi na sheria yoyote, bali humngoja arusini na matangani, hata kwa wanawe. Kwa hiyo yule amwambiaye kijana wa Mombasa "thubutu, ukianguka utainuka" amempa ujasiri ambao gharama yake italipwa na watu asiowajua. Hilo ndilo linaloniuma.

Na si lazima shauri jema litoke ng'ambo: M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Watu wakaigeuza njia ya kupelekeana fedha, na wenye kuisimamia wakawa na insafu ya kuwafuata, hata ilipofunguliwa rasmi Machi 2007 ikatangazwa kuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Shauri lililo kubwa kuliko yote lilitoka kwa watumiaji wenyewe.

Basi, ndugu yangu uliye nje, ukiulizwa, taja kwanza ni mji gani uliokufunza hayo usemayo, na hasara ikitokea itamwangukia nani. Nawe kijana uliye nyumbani, kabla hujatuletea salamu, wasikilize kwanza wanaokulipa.